Tupeane uzoefu: redio ya jioni nyumbani kwenu wakati wa vita ya Kagera ilikuwaje?

Betri_Juani (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za jioni. Juzi nilikuwa nasafisha stoo ya marehemu baba nikakuta redio yake ile ya betri nne kubwa. Betri zimevuja, kutu imekula waya. Nikakaa chini palepale. Uzi huu ni wa waliokuwa na akili zao kati ya Oktoba 1978 na Juni 1979, Tanzania ilipopigana na Uganda ya Idi Amin. Ya mstari wa mbele yameshasemwa sana, mimi nataka ya sebuleni.

Naanza. Tabora, darasa la tano. Betri zilikuwa za shida, baba akazipangia matumizi kama sukari. Mchana zimeanikwa juu ya bati, mimi nafukuza kuku. Ikikaribia saa mbili usiku zinaingia kwenye redio, ngoma za Mzee Morris Nyunyusa zinalia, watu kimya. Taarifa ya habari, halafu Mazungumzo Baada ya Habari ambamo jina la Amin halikutajwa bila "nduli" mbele yake. Yakiisha tu, baba anazima. Muziki ulikuwa anasa ya kumaliza betri.

Mama hakuzitaka hizo habari kabisa. Mdogo wake alichukuliwa jeshini Novemba, wiki chache baada ya Mwalimu Nyerere kuongea na wazee wa Dar, ile hotuba ya uwezo, sababu na nia ya kumpiga Amin. Mama alikuwa akisema, "Redio inasema tumesonga mbele. Haisemi nani kabaki nyuma." Yeye alitaka vipindi vya salamu. Alinunua kadi za salamu kwa hela ya vitumbua, akamwandikia mjomba. Hakuandika "aliyeko vitani", aliandika "aliyeko safarini". Kisha akaiba betri mbili za baba, akazifukia kwenye debe la mtama, na baba akaapa kwamba mwenye duka kampunja. Baba akishalala, redio inawashwa chini ya kanga, sauti ya mbu. Nilijifanya nimelala ili nisikilize na mimi.

Karibuni.

Mpiga_Kasia
Mkuu umenigusa. Sisi Mwanza shida haikuwa betri tu, ilikuwa mwanga. Madirisha yamezibwa kwa mablanketi, kibatari kimefunikwa na kopo. Redio yetu ilikuwa na kijitaa nyuma ya kioo cha stesheni. Usiku mmoja balozi wa nyumba kumi akagonga: "Zimeni hicho, ndege itakiona!" Baba akamuuliza, ndege itaona taa ya redio kupitia ukuta wa tofali? Balozi akasema amri ni amri, akaingia, akaketi, akasikiliza nasi taarifa yote ya habari redio ikiwa imevishwa soksi.

Tulimcheka mpaka mwishoni mwa Machi 1979, ndege ya Libya iliyotumwa kumsaidia Amin ilipokuja kweli. Ilikusudia matangi ya mafuta, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane kwenye hifadhi ya wanyama. Swala wakafa. Kuanzia siku hiyo soksi tuliivisha wenyewe bila kuambiwa.

Chumvi_Kidogo
Kuanika tu? Sisi tulizitoboa kwa msumari tukazitia maji ya chumvi. Zinapata nguvu siku mbili, halafu zinaharibu redio yenyewe. Ndiyo kutu uliyoikuta hiyo mkuu 😂

Darajani_Juu
Wabara mnasahau kwamba Unguja tulikuwa na Sauti ya Tanzania Zanzibar yetu, na televisheni ya rangi tayari, wakati nyie mliisubiri mpaka miaka ya 90. Ila vita tuliisikia zaidi kuliko kuiona. Bibi yangu alikuwa mtu wa taarabu. Ikikatishwa kwa tangazo lolote anashika tasbihi. Mara nyingi lilikuwa tangazo la mkutano tu, lakini tasbihi keshaimaliza nusu.

Kahawa_Chungu
Mimi ni mtu wa Bukoba, kwa hiyo nisamehewe nikiwa mkali kidogo. Wengine mlikuwa mnasikiliza vita, sisi ilitua. Ndege za Amin zilipopiga mji mwishoni mwa Oktoba tulikimbilia kijijini kwa babu, baba akabeba redio kabla hajabeba godoro. Mama hakumsamehe hilo mpaka leo.

Kule kijijini Radio Uganda ilikuwa inaingia vizuri kuliko Dar, na Amin alikwishatangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa kwao tangu 1973, basi tukawa tunamsikia adui kwa lugha yetu. Ndiko tulikosikia kituko cha kumwita Nyerere ulingoni wamalize ugomvi kwa ngumi, Muhammad Ali awe mwamuzi. Babu alicheka mpaka akakohoa. Halafu akanyamaza, maana huyo anayefanya mzaha ndiye alikuwa amekalia migomba ya shemeji yake ng'ambo ya mto Kagera.

Jioni ya Aprili 11, 1979 sitaisahau. Stesheni ileile, lakini sauti nyingine: Oyite-Ojok, kamanda wa Waganda waliopigana upande wetu, anatangaza kwamba serikali ya Amin imeanguka. Babu aligoma kuamini. Akahamisha mshale hadi Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) kusubiri uthibitisho, betri zikaanza kukoroma, sauti ikawa nzito kama ya mlevi. Tulijua Kampala imetekwa kwa sababu jirani alipiga kelele, si kwa redio yetu.

Fundi_Mawimbi
Kwa wanaojiuliza kwa nini usiku stesheni za mbali zilisikika hivyo: masafa ya kati mchana humezwa na tabaka la chini la anga ya juu. Jua likizama tabaka hilo linatoweka, mawimbi yanapanda mpaka tabaka la juu zaidi na kurudishwa chini mbali sana, mamia ya kilomita. Ndiyo maana sauti ilikuwa ikija na kuondoka kama mtu anayeongea huku anatembea. Haikuwa betri peke yake, msiwaonee wazee wenu.

Sahani_ya_Santuri
Kwangu vita ile ina sauti moja, gitaa la Mbaraka Mwinshehe. Alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa, vita imepamba moto, na mpaka wa Kenya umefungwa tangu 1977. Nilikuwa kijana Morogoro, mji uliomlea. Jioni ile mtaani kwetu kila mwenye redio aliiweka dirishani. Nimeshaona misiba mingi, lakini kulia kwa ajili ya mtu mmoja wakati kila nyumba ya tatu ina kijana vitani, nilihisi kama tunaiba machozi ya wengine. Mzee mmoja fundi cherehani akasema tulieni tu, mnawalilia wote.

Na vijana wajue: nyimbo nyingi za bendi za wakati ule zilirekodiwa studio ya RTD kwenye tepu, hazikutolewa santuri. Usipousikia redioni jioni hiyo, ndiyo basi mpaka waupige tena.

Buti_Kuukuu
Nilikuwepo huko mbele. Sina maneno mengi. Tulikuwa na redio moja ndogo kwa watu kama thelathini. Kusikia vita yako inasomwa na mtu aliyekaa Dar, tena kwa sauti nzuri, ni kitu cha ajabu. Wengine walikuwa wanabishana na redio kabisa: "Muongo, hapo hatujafika!" Kesho yake tunafika.

Betri_Juani
Mzee Buti_Kuukuu, shikamoo. Umenikumbusha nimalizie ya mjomba.

Alirudi mzima, mwaka 1981, amekonda na ana redio begani. Mama hakumwacha hata anawe, akamuuliza: salamu zangu ulikuwa unazipata? Nilituma kadi kumi na moja. Mjomba akamwangalia baba, akaniangalia mimi. Akasema, "Dada, nisikudanganye. Kule Masaka Dar ilikuwa inakwaruza tu. Tulikuwa tunafungua Radio Uganda, ndiyo ilikuwa inashika. Habari zao tunazizomea, muziki wao tunaucheza."

Baba ndipo akaelewa betri zake zilikwenda wapi. Mama alikaa kimya muda mrefu anapepeta mchele. Halafu akauliza, "Walikuwa wanapiga nyimbo gani?"