Wastaafu wa Kigoma na Tabora: siku hizi unakula nini, na mlo gani unakurudisha utotoni? Tupeane uzoefu

Mzee wa Gungu:
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za asubuhi. Leo nimeshuka Kibirizi alfajiri kununua dagaa. Mitumbwi ndiyo ilikuwa inaingia, nikapita kwa mama mmoja pale ufukweni, kikaango chake cha mawese kinachemka. Akatupia dagaa wabichi konzi mbili. Ile harufu ilinisimamisha. Nilisimama mpaka yule mama akaniuliza, "Baba, nikupimie?"

Hivyo hivyo ndivyo mama yangu alivyokaanga, Ujiji, kwenye chungu cheusi. Watoto tulikuwa sita na kila mmoja alijua zamu yake ya kuchovya tonge kwenye mawese yanayobaki chini.

Huu mwaka wa sita tangu nistaafu. Asubuhi chai ya mchaichai na muhogo wa kuchemsha. Mchana ugali wa muhogo na dagaa, au sombe, yaani kisamvu. Usiku uji, nalala. Nyama ni pensheni ikiingia. Nilipokuwa kazini Dar nilikula chipsi kuku miaka na miaka, na sikumbuki sahani hata moja. Nyie wenzangu mnakula nini?

Bi Kitongoni:
Zamu ya kuchovya! Kwetu tulipigana kabisa.

Mnyamwezi wa Cheyo:
Mwangaluka wote. Tabora nasi tupo. Mimi asubuhi ni matobolwa na chai ya rangi, na karanga za kukaanga pembeni. Viazi unavimenya, unakata vipande, unaanika juu ya mwamba mpaka vinakauka, unaweka kwenye gunia, unakula mwaka mzima. Bibi yangu akituona tumekaa tu alikuwa anatuchotea kila mtu konzi moja mfukoni tukachunge. Ukilitia mdomoni halilainiki upesi, unalimung'unya njia nzima mpaka malishoni.

Dada wa Nzega:
Kaka samahani, hiyo uliyoeleza ni michembe. Michembe ndiyo inayoanikwa mibichi. Matobolwa lazima viazi vichemshwe kwanza, ndipo vikatwe na kuanikwa.

Mnyamwezi wa Cheyo:
Dada, nimekula matobolwa tangu sijaota meno.

Dada wa Nzega:
Kula na kutengeneza ni vitu viwili. Mimi nilikuwa navichemsha, moshi machoni, nyie mmekwenda kuchunga.

Mama Mkubwa Urambo:
Dada yuko sahihi, mwacheni. Ndiyo maana matobolwa ni matamu na yanavutika, na michembe lazima uipike upya. Michembe ukiipika na karanga zilizotwangwa hutamani mboga.

Nesi Mstaafu, Mwanga:
Nimesoma yote na nimefurahi, ila nimefanya kazi wodini miaka 35, siwezi kunyamaza. Mzee wa Gungu, mawese punguza. Karibu nusu yake ni yale mafuta yanayoganda, na umri wetu huu mishipa haina subira. Presha unapima?

Mzee wa Gungu:
Napima. Baba yangu alikula mawese mpaka amevuka miaka 90, dada yangu.

Nesi Mstaafu, Mwanga:
Baba yako alishinda shambani na jembe la mkono. Wewe unashinda barazani. Sijasema uache, mawese mekundu yana faida yake kwa macho. Nimesema kijiko kimoja, usizamishe dagaa.

Bi Kitongoni:
Kijiko kimoja kwa dagaa wa watu wangapi?

Mwalimu wa Kasulu:
Mimi nitaeleza upande mwingine. Nilipostaafu mafao yangu yalichelewa miezi kumi na moja. Ofisi iliyohusika ilinizungusha, leo faili halionekani, kesho mhusika yuko safari. Nauli ya kwenda kufuatilia ilimaliza akiba yote. Kilichotulisha ni mihogo nyuma ya nyumba, ambayo mke wangu aliipanda na mimi nikiona anapoteza muda. Ilikuwa ile michungu. Akawa anailoweka siku tatu, nne, mpaka inalainika, anaianika, anatwanga. Jirani alitaka kufupisha siku kwa sababu ya njaa, mke wangu akamkatalia katakata, akampa unga wake. Kule kulowekwa ndiko kunakotoa sumu, msicheze nako. Mafao yalipoingia nilimnunulia kitenge. Akanishukuru, kisha akasema afadhali ningenunua jembe.

Bi Kitongoni:
Hapo kwa jembe nimelia na kucheka. Mungu amtunze.

Mstaafu wa Reli, Isevya:
Naona wengi mnataja mama zenu. Mimi mlo wangu alinipikia mwanamke nisiyemjua jina mpaka leo.

Mwaka 1968, nina miaka tisa. Tumepanda treni Tabora, mimi na mama na mdogo wangu wa mgongoni, tunakwenda Kigoma kwa mjomba. Daraja la tatu, watu wamejaa hadi mlangoni. Mnaijua treni ile, kila stesheni ni soko: huku asali, huku karanga, huku samaki wa kukaushwa wamepangwa kwenye ungo. Tulifika Nguruka giza limeingia. Mdogo wangu analia njaa. Mama akanipa senti hamsini, akasema shuka upesi mnunulie mtoto ndizi, usiende mbali.

Nilikwenda mbali. Ndizi za karibu zilikuwa zimeisha, nikafuata kibatari kingine, na kingine. Nikasikia filimbi, nikadhani ni ya kwanza. Nilipogeuka mabehewa yalikuwa yanatembea. Nikakimbia na ndizi kifuani. Nilimsikia mama anaita jina langu dirishani, mara mbili, sauti ikimezwa na moshi na chuma. Halafu ikabaki taa nyekundu ya behewa la mwisho, inapungua, inapungua, ikawa punje, ikazimika kwenye kona. Nimezika mke na nimezika mtoto, lakini nikiota ndoto mbaya mpaka leo naota taa ile.

Stesheni masta akanikuta nimekaa relini. Hakunigombeza. Akanishika mkono hadi ofisini, akapiga simu stesheni ya mbele mbele wamshushe mama Uvinza. Kisha akanipeleka nyumbani kwake.

Mkewe alikuwa amepika ugali wa muhogo na kambale wa kukaushwa kwa karanga. Mimi mtoto wa Tabora nilizoea ugali wa mahindi, huu wa muhogo sijawahi kuutia mdomoni. Unavutika, na koo limeziba kwa kilio, nikapaliwa. Yule mama akasogeza kigoda akakaa ubavuni pangu. Akamega tonge dogo, akalibonyeza kwa dole gumba, akachota mchuzi, akanilisha mwenyewe, mimi kijana wa miaka tisa. Alikuwa ananyofoa nyama ya kambale, anaipapasa kwa vidole kutafuta mwiba, ndipo ananipa. Hakusema neno. Nilikula mpaka sahani ikaisha, nikalala na watoto wake mkekani. Nilikaa siku mbili. Treni ilipokuja gadi akakabidhiwa, nikafungiwa kambale wawili kwenye gazeti.

Mama nilimkuta Uvinza, amekaa kwenye magunia ya chumvi, hajavua viatu tangu usiku ule. Zile ndizi nilikuwa bado ninazo, zimekuwa nyeusi. Alizipokea akamlisha mdogo wangu.

Siku hizi nikipata kambale mzuri nampikia mjukuu, na karanga, na ugali wa muhogo. Ana miaka saba. Miiba natoa mwenyewe.

Dada wa Nzega:
Nimeacha kazi nimekaa chini.

Mama Mkubwa Urambo:
Huyo mama aliyebaki dirishani... Siku mbili, Mola wangu.

Nesi Mstaafu, Mwanga:
Baba, mama yako alikuwa anakuita na mtoto mgongoni, treni inatembea. Asingeweza kuruka. Natumaini hukumlaumu.

Mstaafu wa Reli, Isevya:
Sikumlaumu. Yeye ndiye alijilaumu. Hakunituma tena dukani mpaka nimemaliza darasa la saba.

Kijana wa Mwandiga:
Shikamooni wazee wangu. Mimi sijastaafu, ndiyo kwanza nimeanza kazi, ila nina swali. Baba yangu anastaafu mwakani, mama alishatangulia mbele ya haki. Nifanye nini asije akala hovyo?

Mwalimu wa Kasulu:
Mpandie mihogo leo.

Bi Kitongoni:
Mtafutie mke.

Nesi Mstaafu, Mwanga:
Msianze. Kijana, mpelekee mtoto wako akae naye likizo. Mume wangu alipofariki nilipika chakula cha watu wawili karibu mwaka mzima, kingine namwaga. Mjukuu alipokuja ndipo nilipoanza kuonja chumvi tena.

Mzee wa Gungu:
Mfundishe kununua dagaa wakati wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa za wavuvi hazivuti dagaa, bei inapanda. Kipindi cha giza anunue wengi, aanike mwenyewe.

Bi Kitongoni:
Na akumbuke siku za kufungwa ziwa. Mwaka 2024, tangu 15 Mei mpaka 15 Agosti, nilikula maharage hadi nikayasusa. Sawa, samaki wazaliane, nimeelewa, lakini siku ya kwanza mitumbwi ilipoingia nilikula nimesimama.

Mnyamwezi wa Cheyo:
Mzee naye atumie asali badala ya sukari. Asali ya kweli unaijua, unachovya kijiti cha kiberiti, kikiwaka ndiyo yenyewe.

Mama Mkubwa Urambo:
Kiberiti hakikuambii kitu. Asali nunua kwa mtu unayejua mizinga yake iko pori gani. Na kama ana sukari asali nayo apimiwe, isije ikawa dawa ya kumwangusha.

Mtoto wa Nguruka:
Mstaafu wa Reli, samahani nimechelewa kuingia. Mimi nimezaliwa Nguruka, sasa naishi Kigoma mjini. Hiyo nyumba ya stesheni masta uliyolala, ilikuwa na mwembe mlangoni?

Mstaafu wa Reli, Isevya:
Ulikuwepo. Jikoni lilikuwa nyuma yake. Mkeka wetu ulitandikwa chini yake kwa sababu ya joto.

Mtoto wa Nguruka:
Basi ndio huo huo, nimeucheza mimi. Mwezi uliopita nimepita pale, upo, na umezaa.

Mstaafu wa Reli, Isevya:
Mwanangu, ukipita tena niletee embe moja. Nauli nitatuma.