ETI BEHEWA LIMEJIINUA LENYEWE?!

Wakuu wa Tanga, natoka yadi ya reli sasa hivi na damu inachemka. Yule bwana mnamjua, simtaji. Kreni imenyanyua kontena la futi 20 kutoka kwenye behewa la treni, behewa nalo likapanda juu. Kuulizwa kulikoni, akajibu mbele ya madereva wote: "Behewa limejiinua lenyewe."

Limejiinua lenyewe! Chuma cha tani zaidi ya kumi kimeona kontena linaondoka, kikashindwa kuagana nalo!

Kontena hilo linashikwa kwenye behewa na loki nne, vifungio vya chuma, moja kila pembe. Kabla kreni haijavuta, mtu anazunguka pande zote mbili, anafungua zote, anatikisa kila mkono wa loki. Yeye kafungua tatu. Ya nne iko upande wa matope, kutu na vumbi vimeigandisha, hakufika. Na ule ukingo wa gurudumu unaozuia lisitoke relini kimo chake ni kama sentimita 3 tu, behewa likipanda zaidi ya hapo limetoka! Ndiyo maana unanyanyua kidogo, unasimama, unatazama pembe zote zimeachia, ndipo unapandisha. Yeye kavuta kama ndoo kisimani, gurudumu likatua kwenye mataruma yanayobeba reli. Halafu limejiinua lenyewe!

Kipanga wa Chumbageni: Kesho kontena litajisainia lenyewe getini.

Taruma: Mleta uzi, ulikuwa pale unatazama tu? Mdomo ulikuwa likizo?

Mleta uzi: Nimepiga kelele mpaka koo limekauka! Kaninyooshea kiganja ninyamaze. NINYAMAZE! Kisha ndiyo akasema limejiinua lenyewe.

Bint Pongwe: Waazime mabehewa ya SGR, ile reli mpya ya Dar, mambo ya kisasa.

Taruma: Dada, reli yetu ina upana wa mita 1, ya SGR ni milimita 1,435. Litasimama wapi hilo behewa? Grisi kwenye loki na mtu wa kuzunguka, basi.

Mzee wa Robota: Na nyie wapakiaji msijifiche hapa. Robota moja la katani, lile bunda lililobanwa, ni kilo 250, mnayarundika yote mlangoni. Kontena likinyanyuliwa linainama, pembe za upande mmoja zinabana loki hata kama zimefunguliwa. Pangeni uzito kuanzia katikati!

Kipanga wa Chumbageni: Mzee, wapakiaji tunapewa saa moja na forklifti moja ya kugombania. Ungekuja wewe upange.

Mama Mizigo: Mnabishana loki, mimi nauliza storeji, ile ada ya kontena kukaa yadini. Njia imezibwa na behewa lililotoka relini, jeki zinatafutwa, kontena langu liko nyuma yake. Siku hizo nalipa mimi?

Taruma: Utalipa, mama. Andika barua leo leo, piga picha ya njia ilivyoziba, tarehe ionekane.

Dereva Ngamiani: Wenye malori nje ya geti mmepanga mistari mitatu, hata bajaji haipenyi. Halafu nani anauza turubai zima la trela la futi 40? Langu limechanika.

Bint Pongwe: Ninalo, njoo inbox.