Mjadala: Tumwache kwanza yule mrefu, tumdai mjusi wa miiba wa Tendaguru

Mleta mada

Wakuu, salaam.

Kila baada ya miaka kadhaa suala la mjusi wa Tendaguru, yaani mifupa ya dinosaria iliyochimbwa na Wajerumani enzi za ukoloni kwenye kilima cha Tendaguru, Lindi, huibuka bungeni. Mbunge wa kusini anauliza atarudi lini, waziri anajibu, mitandao inachemka wiki moja, halafu kimya. Na anayetajwa ni yuleyule, mwenye shingo ndefu aliyesimamishwa Berlin kwa kimo cha mita 13.27. Msimamo wa serikali unajulikana. Mwaka 2018 marehemu Balozi Augustine Mahiga, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje na amekaa na mwenzake wa Ujerumani, Heiko Maas, alisema Tanzania haitadai arudishwe. Alitaka ushirikiano kwenye uchimbaji na utalii.

Hoja yangu ni tofauti. Yule mrefu tumwache kwanza. Tumdai Kentrosaurus, mjusi wa miiba aliyetoka kilima hichohicho.

Kwa wasiomjua, huyu ni mla majani wa mita nne na nusu hivi kutoka pua hadi ncha ya mkia. Miguu ya nyuma ni mirefu kuliko ya mbele, kwa hiyo kichwa kiko chini usawa wa vichaka na nyonga ziko juu. Shingoni na mabegani ana vibamba vya mfupa vilivyosimama jozi kwa jozi. Kufika katikati ya mgongo vibamba vinakuwa vyembamba na kuchongoka, na kuanzia nyonga kurudi nyuma ni miiba mitupu hadi mwisho wa mkia. Aliishi miaka milioni 150 na ushee iliyopita, wakati huko Lindi ya ndani kulikuwa wangwa na vidimbwi kando ya bahari. Edwin Hennig, aliyekuwa kwenye uchimbaji wa Wajerumani wa 1909 hadi 1913, ndiye aliyempa jina mwaka 1915.

Kwa nini yeye? Yule mrefu ndiye nembo ya makumbusho ya Berlin, na ukitaja kumwondoa tu mazungumzo yanakufa hapohapo. Huyu wa miiba anaingia kwenye ukumbi wa kawaida. Tena walichimba mamia ya mifupa yake, sehemu za wanyama wengi tofauti. Kuna mmoja aliyesimamishwa Berlin na mwingine Tübingen, alikokuja kufundisha Hennig. Wakitupa mmoja hakuna sayansi itakayokufa.

Na asiniambie mtu kwamba kule ndiko kwenye usalama. Sehemu kubwa ya mifupa ya huyuhuyu Kentrosaurus ilipotea kwao, kwenye Vita vya Pili vya Dunia. Februari 1945 jengo la makumbusho yale lilipigwa mabomu.

Karibuni, ila kwa hoja.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, zahanati hazina dawa, wewe unadai mifupa. Mimi siungi mkono. Hata akija atawekwa chumba kimoja, taa ikiungua haibadilishwi, mwaka wa pili watoto wa shule wanaambiwa ukumbi uko kwenye ukarabati.

Mwalimu, sekondari

Hoja ya zahanati inaletwa kwa kila kitu ambacho si zahanati. Tungeifuata tusingekuwa na timu ya taifa.

Naunga mkono kwa sababu ya darasani. Nafundisha baiolojia, na nikifika kwenye mabadiliko ya viumbe mifano yote ya vitabuni imetoka mbali. Huyu ametoka kwetu na ana mambo mazuri ya kubishania. Kwa mfano, ana jozi moja ya miiba mirefu yenye kitako kipana kama sahani. Hennig na wenzake waliiweka nyongani. Baadaye ndugu zake walipofukuliwa China wakiwa na miiba ya namna hiyo begani, wataalamu wengi wakaihamishia begani. Mifupa ni ileile, mnyama amebadilika. Mwanafunzi akiona hivyo anaelewa sayansi inavyofanya kazi kuliko nikimwandikia ubaoni kurasa tatu.

Mkia nao. Mtafiti Heinrich Mallison aliujenga upya kwenye kompyuta, pingili kwa pingili, akaona ulikuwa mwepesi kiasi cha kufagia karibu nusu duara nyuma ya mnyama. Aliyemjia kwa nyuma alikuwa anakutana na miiba.

Jambo moja mleta mada hajalisema, ni vizuri watu walijue mapema: anayeonekana kule si mnyama mmoja mzima. Ameunganishwa kutoka mifupa ya wanyama zaidi ya mmoja, palipopungua pakajaziwa plasta. Kichwa ndiyo kabisa, vipande vya fuvu vilivyopatikana ni vichache mno.

Mdau, yupo Ujerumani

Salaam wadau. Nimeingia ule ukumbi mara kadhaa. Watu wakipita mlangoni wote wanatazama juu, kwenye ile shingo. Kentrosaurus yuko chini, wanampita. Mimi humsogelea, maana ndiye pekee ambaye macho yanamfikia. Mifupa ni ya kahawia, ina nyufa zilizozibwa, na ule mwembamba wa miiba ya mkia unashangaza. Maandishi yanataja Tendaguru. Siku moja nimesimama pale, mtoto akamuuliza mama yake Tendaguru ni wapi, mama akasema Afrika, wakaendelea.

Pamoja na hayo, napinga namna hoja ilivyowekwa. Kisheria tuna mlima. Mkataba wa UNESCO wa 1970, ule wa kuzuia biashara haramu ya mali za urithi, haurudi nyuma hadi enzi za ukoloni. Wakati ule serikali ya kikoloni iliitangaza Tendaguru kuwa ardhi ya dola, kwa hiyo kwa karatasi zao walichimba kwao. Ukienda kwa njia ya sheria unapotea.

Njia iliyofungua milango ni ya kisiasa. Mwaka 2023 Brazil ilirudishiwa kisukuku cha Ubirajara, mjusi mdogo wa kale, kutoka makumbusho ya Karlsruhe baada ya wanasayansi wake kupiga kelele zaidi ya miaka miwili. Mwaka huohuo Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alikwenda Songea akaomba radhi kwa mauaji ya Majimaji. Huo ndio mlango. Lakini Wabrazili walikuwa na sheria yao ya 1942 ya kusimamia, na walikuwa wameshajua kitawekwa wapi. Sisi tumejua?

Mwenyeji wa Lindi

Nyie mnabishana Berlin na Dar, na sisi wenye kilima je?

Tendaguru iko kata ya Mipingo huku kwetu. Ukitoka Lindi mjini ni kama kilomita 60, na mvua zikikolea gari dogo uliache nyumbani. Wazee wetu ndio waliochimba. Msimu ulipopamba moto walikuwa vibarua karibu 500. Mifupa ilifungwa plasta, ikapakiwa, ikabebwa kichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, siku tatu nne njiani. Zaidi ya tani 200 zilitoka hivyo. Na oneni ni lini: Majimaji ilikuwa ndiyo imeisha 1907, nchi imechomwa, ghala hazina kitu, watu wamekufa kwa njaa. Mjerumani anakuja miaka miwili baadaye anatangaza kazi ya ujira. Ungekataa?

Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Ndiye aliyewafundisha wengine kuutoa mfupa kwenye mwamba bila kuuvunja. Ikawachukua wataalamu hadi 2007 kumpa mjusi mmoja jina lake, Australodocus bohetii. Waliokuwa wakiandika barua ofisini Berlin walipewa yao mapema sana.

Kwa hiyo mimi nasema hivi: akirudishwa akawekwa Posta, Dar es Salaam, kwangu mimi hajarudi. Bora abaki Berlin, nako kunajulikana ni ugenini.

Mchangiaji wa kwanza

Hapo mzee umegusa penyewe. Dar tayari wana fuvu la Zinjanthropus, yule binadamu wa kale kutoka Olduvai, miaka mingi sasa. Waulizeni watu wa Ngorongoro linawasaidia nini.

Mleta mada

Mzee wangu wa Lindi, shikamoo. Hoja yako naipokea, ila hiyo ya "bora abaki Berlin" hapana. Akiwa Dar mtu wa Lindi anapanda basi asubuhi, jioni kafika. Akiwa Berlin anaomba viza.

Lile fuvu alilolitaja mchangiaji linanisaidia mimi. Mary Leakey alilipata 1959, likakaa Nairobi, likarudi kwetu katikati ya miaka ya sitini nchi ikiwa changa haina hata chuo kikuu cha maana. Limekaa zaidi ya nusu karne na halijamomonyoka. Kwa hiyo wimbo wa "hatuwezi kutunza" tuuache. Tunaweza kutunza. Tunachoshindwa ni kuonyesha vizuri, na hayo ni matatizo mawili tofauti.

Ndugu uliyeko Ujerumani, kuhusu sheria nakubaliana nawe. Tusiende mahakamani. Ila nawe kubali kwamba ombi dogo lenye jina la mnyama mmoja, mwenye mwenzake palepale Ujerumani, ni gumu kulikataa mbele ya waandishi wa habari kuliko kelele za "turudishieni mjusi wetu".

Mtafiti, vyuo

Nimesoma kimya, sasa niseme. Mnazungumza kama vile Tendaguru iliisha 1913. Waingereza walichimba hapo tena miaka ya 1924 hadi 1931, na mzigo ule uko London, hakuna anayeudai. Mwaka 2000 Wajerumani walirudi, safari hii pamoja na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Miamba bado ipo na mifupa bado imo.

Halafu tazameni Songwe na Rukwa. Mwaka 2019 alitangazwa mjusi mpya, Mnyamawamtuka, aliyetolewa kwenye kingo za mto Mtuka. Yule ana namba ya Idara ya Mambo ya Kale ya Tanzania na hakuna mbunge wa kuuliza atarudi lini, kwa sababu alitoka kwa kibali, chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Nyinyi mnaomlilia Kentrosaurus, wangapi mlishamsikia?

Sipingi kumdai. Ninachohofia ni kwamba tutampokea kwa ngoma uwanja wa ndege, kisha hakuna Mtanzania aliyeajiriwa kumsafisha, kumpima, kumwandikia makala. Kazi ya kutoa mwamba kwenye mfupa inafanywa kwa kisindano na brashi, saa nyingi, chini ya hadubini. Boheti aliiweza. Leo wanaoiweza nchini wanahesabika.

Mwenyeji wa Lindi

Basi wafundisheni vijana wa Mipingo. Wako karibu na kilima kuliko wewe.

Mtafiti, vyuo

Sina ubishi na hilo. Ndivyo ombi liandikwe: mjusi mmoja wa miiba, pamoja na orodha kamili ya mifupa yake iliyobaki stoo Berlin na Tübingen, na nafasi za mafunzo kwa vijana wa kata ya Mipingo kabla kreti ya kwanza haijafungwa. Suala la Dar au Lindi liamuliwe kabla ya barua kutoka, maana wenzetu ndilo watakalouliza la kwanza.

Mleta mada

Nimelichukua, isipokuwa Tübingen. Kule huwezi kudai orodha kwa barua ileile, ni chuo kikuu na ni jimbo jingine. Barua ziwe mbili.

Mchangiaji wa kwanza

Barua mbili, mihuri minne, miaka kumi. Mimi bado nipo na zahanati yangu.