Naomba ushauri: kadi ya michoro (GPU) RX 6600 kwenye kompyuta ya mezani OptiPlex 7060, au laptopu ya RTX 3050?

Habari zenu ndugu. Niko Kampala, nina shilingi milioni 2.5. Mashine yangu ni Dell OptiPlex 7060 ya mnara, prosesa i5-8500, RAM 16GB.

Kikwazo ni pawa saplai: wati 260, haina waya wa kadi, na plagi zake si za ATX, yaani kipimo cha kawaida cha kompyuta za mezani. RX 6600 hula wati 132 na inataka plagi ya pini 8. Kwa hiyo nibadilishe pawa saplai na kutumia adapta ya plagi za Dell, au nichukue RTX 3050 ya 6GB ya wati 70, inayopata umeme kwenye sloti ya ubao mama tu? Tafadhali msinishauri vigeuzi vya kutoa umeme wa kadi kwenye plagi ya SATA (ya diski), plagi inaweza kuyeyuka.

Laptopu ingenisaidia umeme ukikatika, ingawa kwa betri pekee kadi hupunguza nguvu sana. Ninachohofia zaidi ni kumbukumbu ya kadi (VRAM) ya 4GB iliyochomelewa, haiongezeki kamwe. Halafu RTX 3050 za laptopu huanzia wati 35 hadi 80, na wauzaji wengi hawazitaji wati hizo.

Aliyewahi kuweka adapta ya ATX kwenye 7060: pawa saplai ya kawaida iliingia kwenye kava bila kukata bati? Na UPS (betri ya akiba) ya 650VA iliistahimili RX 6600?