Kucheki ruhusa za faili, hizi if zote za nini jamani?

mgeni_wa_keneli: Wakuu, naandika failisistemu ndogo ya Linux ya kujifunzia, sasa kwenye ruhusa nimerundika if mpaka najichanganya, mwenye faili anasoma, mwenye faili anaandika, kikundi kinasoma... hakuna njia fupi?

biti_tatu: Futa zote mkuu. Kusoma 4, kuandika 2, kuendesha 1, basi. Akiwa ndo mwenye faili sogeza modi (namba ya ruhusa za faili) kulia biti 6, akiwa wa kikundi sogeza 3, wengine acha ilivyo, halafu mask & ~mode (mask ni ruhusa anazoomba, mode ni hiyo modi uliyosogeza) ikitoa sifuri apite. Chukua 0640 (oktali: 6 ya mwenye faili, 4 ya kikundi, 0 ya wengine), wa kikundi anabaki na 4, akitaka kuandika anagonga ukuta.

fundi_C: Ila usimtafutie mlango wa pili, akinyimwa kwenye fungu lake usimpeleke fungu jingine. Faili la 0077 mwenye nalo ananyimwa (labda awe root, yaani mtumiaji mkuu wa mfumo) huku wengine wote wanapita, inachekesha lakini ndo ilivyo.

mzee_inode: Kwani una sheria zako maalum? Kama huna, iache .permission (sehemu ya kuweka funksheni yako ya kucheki ruhusa) tupu tu, keneli itaita generic_permission, funksheni yake ya kawaida, yenyewe, na mambo ya root inayamaliza humohumo.

mgeni_wa_keneli: Duh, kumbe nilikuwa natwanga maji. Nimefuta, inakompaili.