Moyo unaruka pigo nikilala: nisihofu kweli?

DerevaWaUsiku: Wakuu, naendesha lori Mombasa–Malaba. Wiki tatu sasa, nikijilaza tu, moyo unanyamaza kidogo halafu unagonga "du!" kama mtu yuko ndani ya kabati. Nimepimwa ECG (kipimo cha umeme wa moyo), daktari kasema ni mapigo ya mapema ya vyumba vya juu vya moyo, nisihofu. Nisihofuje, na moyo ni mmoja? Njiani nanywa kahawa tungu, vikombe sita hivi.

NesiWaZamu: Pole kaka. Kwenye chumba cha juu cha moyo, upande wa kulia, kuna kijisehemu kinachotoa umeme wa kuongoza mapigo. Mara nyingine sehemu nyingine ya vyumba vya juu inadakia kabla ya zamu yake. Kwenye ECG, wimbi P (alama ya umeme wa vyumba vya juu) huja mapema, na umbo lake hubadilika. Kile kijisehemu kiongozi kinaanza kuhesabu upya, ndiyo ule ukimya. Damu inajaa zaidi, pigo linalofuata linakuwa zito. Kwa hiyo hiyo "du" kwa kawaida ni pigo la baada yake, si lile la mapema!

Babu_Kilimani: Mimi mapigo hayo yalizidi nikikosa usingizi. Nilivalishwa mashine ya kurekodi mapigo kwa saa 24, mke wangu akadhani nimenunua redio.

DerevaWaUsiku: 😂 Kahawa napunguza. Lini nirudi hospitali?

NesiWaZamu: Ukizimia, kifua kikiuma, ukiishiwa pumzi, au moyo ukienda mbio ovyo bila kutulia: siku hiyohiyo. Ukisikia kizunguzungu, egesha lori. Muulize daktari pia kuhusu potasiamu (madini ya kwenye damu) na tezi ya thairoidi (ya shingoni).