Tuzo ya Mugatsia: aliipata kwa uigizaji au kwa marufuku?

Wapenzi wa filamu wa Nakuru na kwingineko, naleta hapa suala lililotugawanya Jumamosi baada ya mazoezi ya kikundi chetu Bondeni. Mwenzetu mmoja, mtu ninayemheshimu, alisema Samantha Mugatsia alipewa tuzo ya mwigizaji bora wa kike FESPACO, tamasha kubwa la filamu za Afrika, kule Ouagadougou, Burkina Faso, mwaka 2019, kwa sababu filamu yake Rafiki ilikuwa imepigwa marufuku nyumbani. Yaani ilikuwa tuzo ya kumpa pole. Napinga, tena kwa moyo wote.

Aprili 2018 bodi ya filamu iliikataza kwa sababu ya mapenzi ya wasichana wawili. Mwezi uliofuata ikaonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, ikiwa filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa huko. Septemba, Jaji Wilfrida Okwany akairuhusu kwa siku saba, kwa watu wazima tu, ili iweze kufikiriwa kwa Oscar. Hatimaye Kenya ikapeleka filamu nyingine, Supa Modo. Kelele zote zikawa za bodi, mahakama na mwongozaji Wanuri Kahiu. Uigizaji ukafunikwa.

Sasa kama majaji wa Ouagadougou walitaka kuifariji filamu iliyoonewa, si wangeipa filamu yenyewe tuzo kuu? Tuzo kuu mwaka huo ilikwenda kwa filamu ya mwongozaji Joël Karekezi wa Rwanda. Kwa Rafiki walimchagua mtu mmoja na kazi yake mbele ya kamera.

Na kazi hiyo mimi nimeiona. Kena, msichana anayeigizwa na Mugatsia, ni mtoto wa wazazi walioachana. Baba ana duka na anagombea kiti cha uchaguzi. Mama ni mtu wa kanisa. Mugatsia hamwigizi kwa maneno mengi. Mtazameni akiwa na baba yake, halafu mtazameni akiwa na mama: mabega ni yale yale lakini kwa mama yanashuka, na jibu linachelewa kidogo, kama mtoto anayepima kwanza neno lipi halitaumiza. Akiwa na mpenzi wake Ziki, anayeigizwa na Sheila Munyiva, kule kuchelewa kunatoweka. Hii ilikuwa filamu yake ya kwanza! Kuna wakosoaji waliosema hadithi yenyewe tumeshaizoea, wapendanao ambao wazazi wao ni mahasimu, na hapo nawaunga mkono kiasi. Lakini hilo ni la mwandishi, msimbebeshe mwigizaji.

Mzee wetu wa kikundi ana hoja nzito zaidi. Anasema maadili yake hayamruhusu kuisifu filamu ya namna hiyo, iwe imeigizwa vizuri au vibaya. Namwelewa, na simwombi abadili imani yake. Ninachomwomba ni kwamba akimkataa Kena, asimkatae Mugatsia pamoja naye.

Hili linanigusa kwa karibu. Mwaka jana binti mmoja wa kikundi chetu aliigiza mama mlevi anayemtelekeza mtoto wake. Aliigiza hadi ukumbi ukanyamaza. Wiki iliyofuata, sokoni, muuza sukuma wiki akamwambia mama yake mbele za watu amfunze binti adabu kabla hajaharibika zaidi. Mama aliondoka hata chenji hajachukua. Binti hakurudi mazoezini, na nilipompigia simu, mama ndiye aliyepokea. Tukiendelea hivi, tutabaki na waigizaji wa kuigiza malaika tu, na nani atakuja kutazama hilo?

Basi ninyi mnaosema tuzo ile haikuwa halali, na mmeitazama filamu mpaka mwisho, nitajieni onyesho moja ambalo Mugatsia alilishindwa. Mseme alifanya nini na mwili wake, na sauti yake, na alipaswa kufanya nini badala yake.